Seva ya Nyumbani Uganda: Programu Ipi Ushike, Ipi Uache

Orodha nyingi za programu za seva ya nyumbani, yaani kompyuta inayobaki imewashwa nyumbani ikihifadhi na kugawa faili, picha na filamu za familia, zimeandikiwa watu ambao umeme wao haukatiki na intaneti yao haipimwi kwa gigabaiti. Mtu wa Kampala, Mbale au Kasese akizifuata zilivyo, atajikuta na seva inayodai intaneti ili kumfungulia filamu zake mwenyewe, na hifadhidata (daftari la taarifa ambalo programu huliandika muda wote) iliyo hatarini kila umeme unapokwenda. Ulinganisho huu unaipima kila programu kwa maswali matatu kabla ya kuhesabu uwezo wake mwingine. Inafanya kazi bila intaneti kabisa? Inastahimili kuzimika ghafla? Kuisasisha kunakula bando kiasi gani?

Swali la kwanza lina uzito wake hapa. Januari 2021, wakati wa uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Picha, vitabu na nywila zilizo ndani ya nyumba hazina sababu ya kufungwa siku kama hizo, lakini kama zitafunguka au la hutegemea programu uliyochagua.

Mashine na umeme

Kompyuta ndogo za ofisi zilizotumika, kama HP EliteDesk 800 G3 Mini, Dell OptiPlex 3050 Micro au Lenovo ThinkCentre M710q, zinatosha kila kitu kilichotajwa hapa. Zikikaa bila kazi nzito hula wati 10 hivi. Wati 10 kwa saa 24 kwa siku 30 ni yuniti 7.2 za Yaka kwa mwezi. Zidisha na bei ya yuniti iliyo kwenye risiti yako. Kompyuta kubwa ya mezani ya zamani, yenye kula wati 50, itakupeleka kwenye yuniti 36, na hapo unafuu wa bei yake ya mtumba unaliwa taratibu.

Leptopu iliyotumika ina jambo moja ambalo hizo nyingine hazina: betri. Hata betri inayobaki na saa moja inatosha kuvuka makato mafupi. Weka `HandleLidSwitch=ignore` kwenye `/etc/systemd/logind.conf` ili isilale ukifunga kifuniko, na kama leptopu inaruhusu, zuia chaji isipite asilimia 80, kwa sababu betri inayokaa imejaa kwenye joto mwaka mzima huvimba. Tatizo linalowapata wengi liko kwenye diski. Diski ya nje ya inchi 3.5 ina adapta yake ya ukutani. Umeme ukienda, leptopu inabaki hai lakini diski inazimika katikati ya kuandika, na programu zinaweza kuanza kuandika kwenye folda tupu iliyo kwenye SSD (diski isiyozunguka) ya ndani mpaka ijae. Tumia diski ya inchi 2.5 inayopata umeme kwa waya wa USB peke yake.

Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya ubao mmoja, inapendwa, lakini ukishajumlisha chaja yake, kasha na SSD, bei inakaribia ya kompyuta ndogo iliyotumika yenye nguvu zaidi. Na usiendeshe hifadhidata juu ya kadi ya SD: kuandika mfululizo pamoja na kuzimika ghafla huiua.

Kwa mashine isiyo na betri, UPS (kisanduku cha betri kinachoshika umeme ukikatika) ya VA 650 kwa kawaida hubeba betri ya volti 12 na Ah 7, yaani Wh 84. Hesabu nusu yake tu, kwa sababu kuna upotevu na kwa sababu betri ya risasi ikikaushwa mara kwa mara haidumu. Seva ya wati 12 na rauta ya wati 8 zitapata kama saa mbili. Rauta lazima iwe kwenye UPS hiyo hiyo, maana seva iliyo hai nyuma ya rauta iliyokufa haina faida kwa simu za nyumbani. Sakinisha NUT, programu inayowasiliana na UPS, ili seva ijizime yenyewe betri ikikaribia kuisha, kisha ingia BIOS (mipangilio ya mashine yenyewe, kabla mfumo haujawaka) na uweke "After Power Loss" iwe "Power On", ili mashine iwake umeme ukirudi hata kama hakuna mtu nyumbani. Maeneo yanayozunguka Ziwa Victoria hupigwa radi nyingi. Kinga ya mshtuko wa umeme kwenye soketi si anasa.

RAM (kumbukumbu ya kazi) ya GB 8 inatosha kila kitu isipokuwa picha. Ukitaka Immich, programu ya picha iliyo hapa chini, pamoja na vingine, tafuta GB 16. Mfumo uwe Debian, aina ya Linux, na programu ziendeshwe kwa Docker Compose, inayoiwasha kila moja ndani ya kontena, yaani kifurushi kilichojitenga, kila moja na folda yake.

Faili: Syncthing, Nextcloud au Seafile

Hizi tatu huweka faili zilezile kwenye simu, kompyuta na seva. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa kuchukua Nextcloud kwa kuwa inatajwa kila mahali.

| | Syncthing | Nextcloud | Seafile |
|---|---|---|---|
| Bila intaneti | Inaendelea kwenye Wi-Fi ya nyumbani | Inaendelea, ukitumia anwani ya ndani | Inaendelea, ukitumia anwani ya ndani |
| RAM ya kutenga | MB 200 | GB 2 pamoja na hifadhidata | GB 2 |
| Faili kwenye diski | Za kawaida | Za kawaida | Vipande, hazisomeki moja kwa moja |
| Faili kubwa ikibadilika kidogo | Hutuma sehemu iliyobadilika | Hutuma faili nzima | Hutuma sehemu iliyobadilika |
| Kalenda na anwani za watu | Hapana | Ndiyo | Hapana |
| Kumpa mtu wa nje kiungo | Hapana | Ndiyo | Ndiyo |

Syncthing haina kituo kimoja. Kila kifaa kinashika nakala kamili ya folda, na vifaa vikikutana kwenye Wi-Fi moja vinatafutana kwa poti (mlango wa mtandao wenye namba) 21027 ya UDP na kupeana mabadiliko kwa poti 22000. Umeme ukikatika, kinachopotea kwa kawaida ni faili iliyokuwa njiani, nayo hutumwa upya. Hakuna hifadhidata kubwa ya kuokoa: ile iliyopo ni orodha ya faili tu, na ikiharibika unaifuta, programu inakagua diski upya na kuijenga.

Ina mitego miwili. Kwanza, ukifuta picha kwenye simu, inafutwa kwenye seva pia. Nenda kwenye folda hiyo upande wa seva, uwashe uhifadhi wa matoleo wa aina ya "Staggered" na uupe siku 90. Pili, programu rasmi ya Android ilisitishwa Desemba 2024. Inayoendelea ni Syncthing-Fork, inayopatikana kwenye duka la programu la F-Droid. Ukishaisakinisha, iweke ifanye kazi kwenye Wi-Fi tu, la sivyo video ya harusi itapanda kwa bando lako ukiwa kwenye teksi, na uitoe kwenye orodha ya programu ambazo simu inazizima ili kuokoa betri. Kwenye iPhone mambo ni magumu zaidi: ipo Möbius Sync, lakini iOS hairuhusu programu kufanya kazi muda mrefu nyuma ya pazia. Nyumba yenye iPhone nyingi ina sababu ya kweli ya kuangalia Nextcloud.

Nextcloud ni ofisi nzima: kalenda, anwani, viungo vya kushirikisha, kuhariri nyaraka pamoja. Gharama yake ni matunzo. Inataka programu saidizi, yaani PHP, MariaDB au PostgreSQL, na Redis, na kazi ya `cron` (inayojiendesha kwa ratiba) kila dakika 5. Ukisahau hiyo `cron`, kila kitu kinazidi kuwa kizito na hutajua sababu. Pia hairuhusu kuruka toleo kubwa. Kutoka 29 kwenda 31 lazima upitie 30. Mtu aliyeacha kusasisha mwaka mzima ili asile bando atalazimika kupanda ngazi moja moja, kila ngazi ikipakua kifurushi kipya cha kontena, na kila ngazi ikibadilisha hifadhidata. Umeme ukikatika katikati ya badiliko hilo, ndipo utajua kama ulikuwa na nakala. Sasisha Nextcloud tu wakati UPS imejaa chaji.

Seafile ina kasi, na kwa intaneti ndogo inashinda Nextcloud waziwazi kwa kuwa hutuma vipande vilivyobadilika pekee. Lakini inahifadhi faili zako kama vipande visivyosomeka. Hifadhidata ikivunjika, huwezi kuchomoa diski, kuiweka kwenye kompyuta nyingine na kufungua picha zako. Lazima upitie zana yake ya `seaf-fsck`. Katika nyumba ambayo umeme hukatika, hiyo ni sababu tosha ya kuiacha.

Kwa familia ya kawaida, pendekezo letu ni Syncthing kwa faili, na Radicale pembeni yake kwa kalenda na anwani. Radicale hutumia poti 5232, inakula RAM kidogo mno, na kila tukio la kalenda ni faili yake ya maandishi. Simu ya Android inaifikia kupitia programu ya DAVx5. Viwili hivyo vinafanya kazi ambayo wengi walikuwa wakiitafuta Nextcloud, na hakuna hata kimoja kitakachokuamsha usiku.

Picha: Immich au PhotoPrism

Immich imefika toleo thabiti 2.0 mwezi Oktoba 2025, na kwa sasa hakuna inayoikaribia kwa urahisi wa simu: programu yake ya Android na iPhone hupandisha picha yenyewe, mtu asiyejua kompyuta akaelewa. PhotoPrism haina programu yake ya simu. Inategemea programu nyingine kupandisha picha, kisha inazipanga. Faida yake ni kwamba inaridhika na RAM ya GB 3, na inasoma folda ulizonazo tayari bila kuzigusa. Basi, aliye na mashine ya GB 4 na maktaba ya picha za zamani achukue PhotoPrism, na Syncthing impandishie picha mpya. Mwingine yeyote achukue Immich.

Nyaraka za Immich zinataka RAM ya GB 6 kwa uchache, GB 8 ndiyo inayopendekezwa. Hifadhidata yake ya PostgreSQL lazima ikae kwenye SSD ya ndani yenye ext4, fomati ya diski ya Linux. Diski nyingi za nje zinazouzwa madukani huja na exFAT au NTFS. Ukiiweka hifadhidata humo, kontena itakataa kuwaka kwa kuwa fomati hizo hazishiki ruhusa za faili za Linux. Picha zenyewe zinaweza kukaa kwenye diski ya nje, lakini hata hiyo ni heri uiformati iwe ext4 kabla hujaijaza.

Kontena zake zote pamoja ni gigabaiti kadhaa, na bado mara ya kwanza hupakua modeli za kutambua nyuso na vitu. Pakua kwa bando la usiku au kwenye intaneti isiyo na kipimo. Kisha nenda kwenye mipangilio ya kazi na ushushe kazi za utambuzi ziende moja moja. Usipofanya hivyo, mashine ya zamani itapata moto na kila programu nyingine itagota. Anayehama kutoka Google Photos aombe kifurushi chake cha Takeout kwa vipande vya GB 2 badala ya GB 50, ili intaneti ikikatika apoteze kipande kimoja tu, kisha aingize kwa `immich-go`, ambayo hurudisha tarehe sahihi za picha.

Filamu: Jellyfin au Plex

Jellyfin. Plex inataka akaunti ya kwenye intaneti hata kwa filamu iliyo sebuleni kwako. Intaneti ikikatika, vifaa vinaweza kukataa kuingia isipokuwa uliandika mapema anwani za mtandao wako kwenye orodha ya zinazoruhusiwa bila uthibitisho. Tangu Aprili 2025 kutazama faili zako mwenyewe ukiwa mbali kunahitaji malipo, na leseni yake ya maisha ilipandishwa kutoka dola 119.99 hadi 249.99. Jellyfin ni ya bure yote, watumiaji wake wanakaa kwenye seva yako, na haimuulizi mtu yeyote nje ya nyumba. Plex inabaki mbele kwa programu za televisheni zilizotulia zaidi. Kama televisheni yako haina programu ya Jellyfin, kisanduku cha Android TV kinamaliza tatizo.

Kinacholemea seva ni kubadili fomati ya video papo hapo. Prosesa za Intel za kizazi cha 6 zinasaidia fomati za video za H.264 na HEVC ya biti 8. Kizazi cha 7 kinaongeza HEVC ya biti 10, na filamu nyingi mpya ziko hivyo. Ukipata nafasi ya kuchagua dukani, lipa ziada kidogo upate kizazi cha 7. Ipitishe `/dev/dri`, njia ya kufikia chipu ya video, ndani ya kontena, na mtumiaji wa kontena awe kwenye kundi la `render`, vinginevyo prosesa itafanya kazi yote bila msaada. Tumia manukuu ya SRT: yale ya picha, kama PGS, mara nyingi huilazimisha seva kuyachoma ndani ya video, na hapo mashine ndogo inazama.

Nywila: Vaultwarden au KeePassXC

Mtu mmoja hahitaji seva kwa hili. Faili moja ya KeePassXC inayosafirishwa na Syncthing inatosha. Vifaa viwili vikibadilisha faili kwa wakati mmoja, Syncthing itatengeneza faili ya mgongano, na KeePassXC inajua kuziunganisha. Familia yenye nywila za pamoja ndiyo inayofaidika na Vaultwarden, inayotumia programu za Bitwarden na RAM chini ya MB 100. Inadai HTTPS (muunganisho uliosimbwa) hata ndani ya nyumba, kwa sababu vivinjari hukataa shughuli za usimbaji kwenye ukurasa usio salama. Seva ikizimika, simu zinaendelea kusoma nywila zilizokwisha kuhifadhiwa ndani yake. Kuongeza mpya ndiko kunakosubiri. Familia ikishajiandikisha, weka `SIGNUPS_ALLOWED=false`.

Matangazo: AdGuard Home au Pi-hole

Zote mbili ni nzuri, na zote huokoa bando kwa kuzuia matangazo kabla hayajapakuliwa, ingawa ya YouTube hayazuiliki kwa njia hii. Tunaipa nafasi AdGuard Home kwa sababu ni faili moja tu na inasimba maswali ya DNS (yale ambayo vifaa huuliza ili kupata anwani za tovuti) bila kuongezewa kitu. Ikigoma kuwaka ikisema poti 53 imeshikwa, mkosaji ni `systemd-resolved`: weka `DNSStubListener=no` uiwashe upya. Rauta nyingi za watoa huduma, hasa zile za mfukoni, haziruhusu kubadili DNS. Kama unaweza kuzima DHCP ya rauta (kazi ya kuvigawia vifaa anwani), mwachie AdGuard Home agawe yeye, na kama huwezi, badili kifaa kimoja kimoja. Na ujue kwamba seva ikizimika, nyumba nzima itadhani intaneti imekufa. Kuweka 8.8.8.8 kama DNS ya pili hakutatui, kwani vifaa huitumia hata wakati ya kwanza iko hai, na matangazo yanarudi.

Maktaba: Kiwix na Kolibri

Kwa nyumba yenye watoto wa shule, hizi ndizo programu zenye thamani kuliko zote zilizotangulia, na inasikitisha kwamba orodha nyingi za Ulaya na Marekani hazizitaji. Kiwix inabeba Wikipedia nzima katika faili moja ya ZIM. Ya Kiingereza yenye picha inapita GB 100. Ya Kiswahili ni sehemu ndogo sana ya ukubwa huo. Kolibri ya Learning Equality ni darasa: masomo, mazoezi, majaribio, na mwalimu au mzazi anaona mtoto amefika wapi. Ina sura ya Kiswahili.

Hazishindani. Kiwix ni ya kusoma na kutafuta, Kolibri ni ya kujifunza kwa mpangilio. Zote hupenda poti 8080, kwa hiyo mojawapo uihamishie 8081. ZIM haisasishwi kidogo kidogo: toleo jipya ni kupakua upya yote. Pakua kwa torenti au `wget -c`, ambazo huendelea pale zilipoishia, au peleka diski kwa mtu mwenye intaneti ya faiba ukainakili.

Kufikia seva ukiwa nje

Fungua rauta uangalie anwani yake ya WAN, yaani ya upande wa intaneti. Ikiwa kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, uko nyuma ya CGNAT, ambako wateja wengi hushiriki anwani moja ya umma, na kufungua poti kwenye rauta hakutasaidia. Intaneti ya simu kwa kawaida iko hivyo. WireGuard, njia iliyosimbwa ya kuingia nyumbani (VPN), peke yake itakutaka ukodishe seva ndogo yenye anwani ya umma na kuweka `PersistentKeepalive = 25`. Cloudflare Tunnel inapita CGNAT, lakini inataka jina la tovuti lako mwenyewe, trafiki yako inafunguliwa kwao, na mpango wa bure unakataa kupandisha kitu kinachozidi MB 100 kwa mkupuo, kwa hiyo video za Immich zitakwama. Tailscale ndiyo njia fupi: isakinishe kwenye seva na simu, imeisha. Ila usiitegemee kuunganisha vifaa vilivyowashwa upya intaneti ikiwa haipo. Nyumbani tumia anwani ya ndani, mfano 192.168.1.10.

Filamu ya GB 2 ukiitazama ukiwa nje inakula GB 2 za bando la nyumbani na GB 2 nyingine za simu. Ipakue kwenye simu kabla hujatoka.

Nakala na sasisho

Usiweke programu ya kusasisha kontena zenyewe, kama Watchtower. Andika namba ya toleo kwenye faili ya Compose, na upakue kwa `docker compose pull` siku uliyochagua, ukiwa na bando na chaji. Vaultwarden na chochote kinachofikika kutoka nje kisicheleweshwe. Kiwix inaweza kungoja mwaka.

Kupandisha nakala ya TB 1 nje kwa kasi ya megabiti 5 kwa sekunde kunachukua zaidi ya siku 18 mfululizo. Kwa hiyo nunua diski mbili za inchi 2.5, uandike kwa `restic`, programu ya kutunza nakala, na uzibadilishane: moja nyumbani, moja kwa ndugu Jinja au Entebbe. Hifadhidata isinakiliwe ikiwa inaandika. Immich hujitolea nakala ya hifadhidata kila saa nane usiku, kwenye folda ya `backups` ndani ya hifadhi yake. Vaultwarden ifanyie `sqlite3 db.sqlite3 ".backup nakala.db"`. Nenosiri la `restic` liandikwe kwenye karatasi na likae mbali na seva, kwa sababu likipotea hakuna wa kukurudishia. Kila miezi mitatu endesha `restic check`, kisha rudisha folda moja kwa `restic restore latest --target /tmp/jaribio --include` na njia ya folda hiyo, na ufungue faili chache kwa macho yako.